Jezi ya Mkongwe Ina Bei

Vijana wangu wa Soweto East hapa Kibera, pamoja na wenzenu wa Kawangware mnaokutana nao Jumapili kugombea mbuzi na kreti ya soda, leo nataka kusema nanyi juu ya habari njema. Dirisha la usajili likifunguliwa, mtaa hujaa shangwe. Fulani kachukuliwa na timu ya Ligi Kuu, fulani kapigiwa simu na kocha wa daraja la pili, na mnambeba begani kutoka Silanga hadi Laini Saba. Sina neno na shangwe hiyo, hata mimi hushangilia. Ila katika kelele zile sijasikia hata mara moja mtu akiuliza jezi hiyo ilivaliwa na nani jana, na aliyeivaa yuko wapi leo.

Yuko nyumbani. Ana miaka thelathini na kitu, magoti bado yanamtii, na jina lake limefutwa kwenye orodha ya mishahara. Hakufutwa kwa kuwa amesahau kucheza. Amefutwa kwa kuwa tarakimu zilizo mbele ya jina lake zilikuwa nyingi kuliko zitakazokaa mbele ya jina lako. Lielewe jambo hili ukiwa na miaka ishirini, hapa kando ya uwanja, mtu akikueleza taratibu. Usipolielewa utaelezwa na barua ya mistari mitatu.

Kuna nchi ambako jambo hili limeandikwa na kuwa kanuni. Wamarekani, katika ule mpira wao wa kubeba mikononi, waliweka mwaka 1994 kikomo cha mishahara yote ya timu moja. Mwaka huo kilikuwa dola milioni 34.6 na kufikia 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Kikomo ni kimoja kwa timu zote, tajiri na maskini. Kijana anayetoka chuoni huingia kwa mkataba wa bei ndogo iliyokwisha kupangwa, na mkongwe bei yake imepanda mwaka baada ya mwaka, tena kwa sababu ya kazi nzuri. Hesabu ikizidi, meneja haanzi kumtafuta mchezaji mbovu. Mchezaji mbovu halipwi sana, kumwondoa hakuokoi kitu. Anatafuta pale ambapo kufuta jina moja kutampa nafuu kubwa. Mama akibanwa na pesa nyumbani haachi kununua sukuma, huacha nyama, wala si kwamba nyama imekuwa mbaya.

Ndivyo alivyoondoka Peyton Manning katika klabu ya Colts ya Indianapolis. Alikuwa pale tangu 1998 na aliwapa ubingwa. Machi 2012, akiwa ametoka kupasuliwa shingo, na bonasi yake ya dola milioni 28 ikiwa karibu kulipwa, wakamwacha. Kijana wa chuo, Andrew Luck, alikuwa njiani. Manning akaenda Denver, akacheza miaka minne na kustaafu akiwa bingwa mara ya pili. Kwa hiyo miguu na mikono yake haikuwa imekwisha. Kilichokwisha ni nafasi yake kwenye hesabu za Colts.

Mnaowapenda Barcelona mnalijua la Messi bila kuambiwa. Alifika pale akiwa mvulana wa miaka 13. Agosti 2021, akiwa amekubali kukatwa nusu ya mshahara, bado klabu ilishindwa kumsajili kwa sababu ya masharti ya fedha ya La Liga. Rais wa klabu, Joan Laporta, alisema wazi kwamba hata bila Messi mishahara ilikuwa inameza karibu mapato yote. Mkongwe bora kuliko wote duniani, mwenye nia ya kubaki, katika klabu yenye nia ya kumbakiza, akaondoka analia. Sasa wewe wa Soweto East unayeniambia kocha anakupenda, nikujibu nini?

Kwetu hapa hakuna kikomo kilichoandikwa. Kikomo chetu ni mfuko wa mdhamini, na mfuko huo hufungwa bila kengele. Wengi wenu mlikuwa wadogo Januari 2018, serikali ilipopandisha kodi ya kampuni za kamari hadi asilimia 35 na SportPesa ikaondoa pesa zake kwenye michezo ya humu nchini. Ikarudi baadaye mwaka huohuo. Katikati ya 2019 leseni yake haikuhuishwa, ikajitoa tena, na kufikia Septemba biashara yake Kenya ikasimama. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wa kujaza uwanja na kuumwaga, zikabaki bila mdhamini mkuu. Kocha wa Leopards, Mnyarwanda Casa Mbungo, aliondoka Desemba mwaka huo kwa sababu ya mishahara. SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, walishindwa kufika uwanjani kwa mechi zao hadi wakatupwa nje ya ligi. Mwaka 2020 BetKing ikaja na mkataba wa miaka mitano wa kudhamini ligi, shilingi bilioni 1.2, na watu wakasema tumeokoka. Mwaka uliofuata ulivunjika.

Angalieni tofauti yetu na Wamarekani. Manning aliachwa kabla bonasi haijaiva, lakini hakuna aliyekuwa na mshahara wake wa nyuma. Mkongwe wa Nairobi hutemwa huku akidai. Miezi mitatu hajalipwa, kisha anaitwa ofisini na kuambiwa timu inajenga kikosi cha vijana. Maneno haya ya kujenga kikosi cha vijana nimeyasikia mara nyingi, na kila yakisemwa mimi hutazama kwanza kama mdhamini yupo. Akiwapo, huenda kocha ana mpango kweli. Asipokuwapo, vijana wanaosemwa ni mkopo ambao klabu inauchukua kutoka kwa watoto wa Kibera na Kawangware bila kuwaambia kwamba wanakopwa.

Chukua mfano wa kubuni. Mkongwe alipwe elfu themanini kwa mwezi. Vijana watatu, kila mmoja elfu ishirini na tano, hawafiki hapo. Klabu imepata miguu sita mahali pa miwili, na chenji imebaki. Nawe, ambaye hujawahi kushika elfu ishirini na tano kwa mkupuo mmoja, unaona umefika. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba kipaji chako kimekufikisha kwenye mlango, na waliokufungulia walikuwa wameangalia bei yako pia. Siku utakapoanza kulipwa unachostahili, utakuwa umeingia katika orodha ya watu wa kufikiriwa.

Msidhani huu ni ugonjwa wa klabu maskini tu. Simba ya Dar es Salaam haina njaa, lakini mwaka 2023 ilimpa mkono wa kwaheri Jonas Mkude, kiungo iliyemlea tangu timu ya vijana na kumtumia zaidi ya miaka kumi. Akavuka barabara, akaenda Yanga. Mwaka uliofuata ikamuaga nahodha wake John Bocco, naye akaonekana akicheza JKT Tanzania. Wenzetu wa kule wamelifanya kuwa desturi kabisa: msimu ukiisha, picha ya mchezaji inawekwa mitandaoni na maandishi ya shukrani, mashabiki wanatania, kesho yake anatambulishwa mwingine. Mimi napenda angalau ule uwazi. Hapa kwetu mkongwe hugundua ametemwa akifika mazoezini na kukuta jina lake halimo kwenye karatasi.

Na mnalikumbuka la Dennis Oliech, kwa kuwa lilimalizikia mlangoni petu. Mtoto wa Mathare United, akacheza Qatar, kisha Ufaransa miaka mingi, Nantes, Auxerre na Ajaccio. Alirudi nyumbani kuvaa jezi ya Gor Mahia Januari 2019, akikaribia kutimiza miaka 34. Mwaka huohuo alipotangaza kwamba anataka kiti cha ubunge cha Kibra kilichoachwa wazi na marehemu Ken Okoth, klabu ikauvunja mkataba wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa siasa, si mshahara, nami sitaki kulipindisha. Ninachowaonyesha ni wepesi wa uzi wenyewe. Mfungaji aliyetupeleka Kombe la Afrika la 2004 alishindwa kumaliza mwaka mmoja katika klabu ya Nairobi. Kiti chenyewe kikagombewa na mwanasoka mwingine, McDonald Mariga, aliyewahi kuwa Inter Milan, akawa wa pili nyuma ya Imran Okoth mnamo Novemba 7. Wengine wetu tulitaniana kwamba sasa wanasoka wakiachwa na klabu watakuja wote kututawala. Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu mwanasoka wa kawaida akiachwa hana jina la kuombea kura.

Basi tufanyeje? Sisemi msicheze. Anayemkataza kijana wa hapa kucheza mpira hajui kijana huyo angekuwa wapi saa kumi jioni.

Kwanza ni karatasi. Mkataba usome wewe, usomewe na mtu mwingine, halafu uusome tena. Tazama tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tazama kama umesainiwa na klabu au na mtu binafsi tu, na kama nakala umepewa. Wengi mno wanacheza Ligi Kuu kwa mkataba uliofungiwa kabatini mwa katibu wa klabu. Ukilipwa kwa M-Pesa, ujumbe usiufute, na ukilipwa mkononi, andika tarehe na kiasi siku hiyohiyo. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis, kilichoanza kutumika 2018, zinasema hivi: klabu ikikosa kukulipa mishahara isiyopungua miezi miwili kinyume cha mkataba, unaiandikia notisi, unaipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote, na isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Sikilizeni neno lile, unaiandikia. Kumwambia meneja wa timu kwenye basi si notisi. Kugoma mazoezi bila barua ni kujifunga bao, maana klabu ndiyo itakayosema umetoroka kazi.

Na hapa niseme jambo ambalo wachezaji wa humu hulalamikia bila kulielewa vizuri. Kwa nini mgeni kutoka Ghana au Brazil hulipwa deni lake, na Mkenya aliyecheza naye bega kwa bega halipwi? Kwa sababu kesi ya mgeni ina nchi mbili ndani yake, kwa hiyo huenda moja kwa moja FIFA, na FIFA ikiamua, klabu hufungiwa kusajili hadi ilipe. Gor Mahia wamewahi kuonja adhabu hiyo kwa madeni ya wachezaji na makocha wa kigeni. Kesi yako wewe inaanzia hapa nyumbani, kwa shirikisho na kwa Mahakama ya Migogoro ya Michezo iliyowekwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Njia hiyo ni ndefu na klabu inajua kwamba utachoka. Ndiyo sababu wewe mwenyeji unahitaji karatasi nyingi kuliko mgeni. Kuna chama cha wachezaji, KEFWA. Jiunge nacho ukiwa na namba uwanjani, usingoje shoka lishuke ndipo uulize ofisi iko wapi.

Kuna mtego mmoja nisioweza kuupita kimya. Mkongwe akiisha kutemwa huambiwa: barua ya kukuachilia hii hapa, lakini utie sahihi kwamba hudai kitu. Naye ana klabu nyingine inayomngoja, dirisha linafungwa kesho, watoto wametumwa karo. Anasaini. Miezi minne ya jasho imekwenda kwa kalamu moja. Nimewaona watu wazima waliocheza timu ya taifa wakisaini hivyo. Ukifikishwa hapo, usikae peke yako chumbani na viongozi watatu. Omba siku moja, toka nje, piga simu.

La pili ni mshahara wenyewe, na hili ndilo mnalolichukia. Kijana akipata mshahara wa kwanza anavuka kwenda Lang'ata. Anapanga nyumba ya mtu mwenye kazi ya kudumu, ananunua viatu vya mtu mwenye mdhamini, na wajomba wanatokea ambao hata mama yake hakuwa akiwajua. Mshahara ukikwama mwezi wa tatu, anahamisha vitanda usiku. Hakuna aibu kubaki hapa msimu wa kwanza na wa pili. Tangu 2016 kuna familia za Soweto East zinazoishi katika maghorofa yaliyojengwa hapahapa, wala hazikuhama kijiji kupata choo cha ndani. Weka pesa kwenye chama cha akiba chenye watu wasiojua mpira. Wenzako wa timu mtakwama wote siku moja, mwezi mmoja, kwa hiyo chama cha wachezaji watupu hakikuokoi.

Na uwe na kazi nyingine mkononi kabla hujaihitaji. Zamani timu nyingi zilikuwa za mashirika, na mchezaji alipochoka alirudi kwenye dawati, karakana au bohari. Mabaki ya utaratibu ule bado yapo. Tazameni Ulinzi Stars, mabingwa mara nne, 2003, 2004, 2005 na 2010. Mchezaji wao ni mwanajeshi, na kocha akimwacha nje ya kikosi anarudi kambini akiwa bado ana mshahara. Mashabiki wengi hucheka kwamba soka ya wanajeshi haina madoido. Wacheke. Mimi ningekuwa na miaka ishirini leo, na timu mbili zinanitaka, moja ina jina na nyingine ina ajira, ningekaa nifikiri sana kabla ya kukimbilia jina. Usipopata timu ya namna hiyo, mazoezi huisha saa nne asubuhi. Mchana wote uliobaki si wa kulala na kucheza pleisteshoni. Fanya mtihani wa ufundi wa NITA, uwe na cheti cha ufundi wa umeme au wa mabomba. Tafuta leseni ya ukocha ya CAF, uanze na ile ya D. Soma urefa. Marefa wazuri waliowahi kucheza ni wachache sana, ndiyo maana tunapigiwa filimbi za ajabu.

Sasa niwageukie kwa jambo linaloniudhi. Mkongwe akirudi mtaani, nyinyi ndio wa kwanza kumcheka. Amerudi kusaga lami, mnasema. Akija kuomba kucheza mechi ya Jumamosi mnamwambia azee taratibu. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe umeshika wembe na unacheka! Simtetei kila mkongwe. Wapo waliokaa kwenye namba kwa urafiki na kocha, waliozima vijana kwa makusudi, waliokuja mazoezini wakinuka jana yake. Hao wakiachwa sitoi chozi. Lakini wengi wana elimu ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya mishahara: jinsi ya kusimama mbele ya mshambuliaji mwenye mbio kuliko wewe, jinsi ya kunyamaza kocha akikutukana, ni kiongozi gani wa klabu ambaye ahadi yake haifiki Ijumaa. Klabu inapowafuta wote kwa pamoja kuokoa pesa, chumba cha kubadilishia nguo kinabaki na watoto watupu, na mechi ya kwanza ngumu ikija hakuna wa kuwatuliza. Halafu wanatafuta mchawi.

Tena na sisi huku chini tuna lawama yetu. Timu zetu za mtaa hazilipi mtu, kwa hiyo hatuwezi kusingizia mshahara, na bado tunamwacha mtu aliyeifungia timu miaka minane bila hata kumwambia. Mwiteni. Mpeni vijana wa chini ya miaka 15 awafundishe pale Kamukunji, mpeni filimbi, mpeni daftari.

Daftari lenyewe lina pesa, msilidharau. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa miaka 12 hadi wa 23. Klabu ndogo ya Kibera au Kawangware ina haki hiyo kama klabu yoyote ya Ulaya, mradi ilikuwa imesajiliwa na shirikisho, na mtoto amesajiliwa kwa jina lake sahihi na tarehe zake. Vijana wangapi wamepita mikononi mwetu bila karatasi hata moja ya kuthibitisha! Kwa hiyo kabla ya msimu mpya nataka majina ya watoto wote kuanzia miaka 12, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha mbili na jina la shule. Wasio na cheti, wazazi wao waanze safari ya ofisi ya usajili sasa, maana foleni ya Januari mnaijua. Na aliyepewa mkataba wiki hii anitafute kabla ya kwenda kuusaini. Nitakuwa uwanjani Jumamosi asubuhi, na nimemwomba beki mmoja aliyewahi kuiandikia klabu yake notisi ya siku 15, na akalipwa, aje na nakala ya barua hiyo tuisome pamoja.